Malezi Katika Uwanda wa Baridi: Wasemaji wa Kiswahili wa Dzaleka, Malawi

Wasomaji wa taarifa hii wamekwisha zoea habari za Kiswahili cha Unguja, Mombasa na Lamu, na mara mojamoja cha Bukavu au Lubumbashi. Makala haya yanakusudia kueleza habari za wasemaji wa lugha yetu walioko mahali ambapo wengi wetu hatukutazamia kuwakuta, yaani katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Vita vilivyowatoa makwao hatutavieleza kwa kirefu, kwani vimeandikwa sana. Tunalotaka ni jambo ambalo wanahistoria hulipita mbio kana kwamba ni la jikoni tu: jinsi wazazi vijana waliotoka nchi za joto, kandokando ya Ziwa Tanganyika, walivyolea watoto wachanga katika nchi ya baridi, na lugha waliyowalea nayo.

Huenda msomaji wa Pwani akacheka akisikia Malawi ikiitwa nchi ya baridi, na akifikiria theluji ya Ulaya atakuwa na haki ya kucheka. Lakini baridi hupimwa kwa mwili wa mtu na mahali alikozaliwa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Uvira, Baraka au Bujumbura hulala usiku kwa shuka moja, na pengine hata hiyo huitupa. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000, na nyanda za Dowa zinapanda juu zaidi. Tangu Mei hadi Agosti, msimu uleule ambao huku Pwani twauita kusi na kuufurahia kwa kuwa joto limepungua, uwanda ule hupigwa na upepo mkavu, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wenyeji wana neno lao, chisanu, na mtu akitoka nje alfajiri husema kukuzizira. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulisikia neno hilo asikumbuke kuzizima kwetu, maji yaliyozizima mtungini. Lugha hizi ni ndugu: mwana ni mwana, nyumba ni nyumba, moto ni moto, mvula ni mvua, madzi ni maji.

Hata hivyo si haki kusema kwamba wote waliofika Dzaleka walikuwa wageni wa baridi. Wako waliotoka Bukavu, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, na wako waliotoka milima ya Minembwe, inayopita mita 2,000, ambako baridi ni kali kuliko ya Dowa. Hao huwacheka wenzao wa Uvira kwa kutetemeka. Lakini huko Minembwe walikuwa na ng'ombe na maziwa yake, na walikuwa na kuni. Baridi ya mtu mwenye kuni na maziwa si baridi ya mtu aliyeshika kadi ya mgao.

Kabla hatujaendelea na Dzaleka, yafaa tukumbushane kwamba hawa si wasemaji wa kwanza wa Kiswahili kulea watoto katika nchi hiyo. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara kutoka Pwani walijenga kituo Nkhotakota, ufuoni mwa ziwa ambalo zamani tuliliita Nyasa, na mkuu wao akaitwa Jumbe. Livingstone alipopita mwaka 1861 aliikuta biashara ya pembe na watumwa imekwisha shamiri, majahazi yakivusha watu kwenda upande wa mashariki. Upande wa kaskazini, karibu na Karonga, alikuwako Mlozi, ambaye Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Utawala wa Majumbe nao ulimalizika katika miaka hiyohiyo ya 1890. Historia yao ina madoa ambayo hatuna sababu ya kuyafunika, maana watu waliouzwa walikuwa na majina na wazazi. Lakini swali letu hapa ni la lugha. Watu hao walioa, wakazaa, wakajenga misikiti na vyuo vya Kurani. Na baada ya vizazi vichache watoto wao walikuwa wakisema Kichewa. Uislamu ulibaki Nkhotakota hadi leo, na mavazi, na majina ya watu. Kiswahili hakikubaki kama lugha ya nyumbani. Jambo hili tuliweke akilini, tutalirudia.

Dzaleka yenyewe haikuanza kama mahali pa watoto. Katika utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda, aliyeiongoza nchi tangu uhuru wa 1964 hadi 1994, palikuwa na gereza la watu waliofungwa kwa sababu za siasa. Wengi hulihusisha jina lenyewe na neno kuleka, yaani kuacha, na hulieleza kama onyo: ukifika hapa utaacha. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, mahali hapo pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Wakati huo Malawi ilikuwa inatoka katika kazi kubwa ya kuwahifadhi Wamsumbiji, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizidi milioni moja. Wamsumbiji wakarudi kwao baada ya amani ya 1992, na wageni wengine wakawa njiani: Warundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, Wanyarwanda wa 1994, kisha Wakongo wa vita vya 1996 na 1998, ambao leo ndio wengi.

Njia yao wengi ilipita Tanzania. Walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wengine wakakaa miaka katika makambi ya huko, kisha wakashuka hadi Mbeya, wakavuka mto Songwe na kuingia Karonga. Karonga ni joto, ufuo wa ziwa, samaki tele, na Kiswahili husikika sokoni kwa sababu ya jirani. Wako waliodhani wamefika nchi inayofanana na kwao. Kumbe barabara hupanda mlima Chiweta na kufika Mzuzu, mji mkuu wa kaskazini, wenye ukungu na manyunyu, ambao Wamalawi wenyewe huutania kwa baridi yake. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge kimoja tangu Karonga huko huanza kulia kilio kingine. Na Dowa iko mbele bado.

Basi mama alipofika Dzaleka alikuwa na silaha moja aliyokuja nayo, mbeleko. Na hapo alipata faraja ndogo ambayo pengine hakuitarajia: wanawake wa Kichewa waliozunguka kambi nao humbeba mtoto kwa kitambaa na kukiita mbereko, na kubereka kwao ni kuzaa na vilevile kubeba mtoto mgongoni, sawa na kubeleka kwetu. Kitenge chao ni chitenje. Mgongo wa mama ndio tanuri ya kwanza ya mtoto, na katika usiku wa Julai, ndani ya kibanda kilichoezekwa turubai, pengine ndiyo ya pekee.

Nyumba za kwanza zilikuwa hafifu. Baadaye watu walijifunza kufyatua matofali ya udongo na kujenga kuta nene, wengine wakaezeka nyasi na wengine bati. Mwenye bati alihesabiwa kuwa ameendelea, na ni kweli mvua haikumpata. Lakini bati hutoa joto la mchana upesi usiku unapoingia, nayo nyasi hulishika. Hata hivyo hatujasikia mtu aliyevua bati arudishe nyasi kwa ajili ya mtoto. Heshima nayo ni joto la aina yake.

Jambo la moto lataka kuelezwa kwa uangalifu. Jiko la makaa la bati, ambalo Wamalawi huliita mbaula na ndugu zetu wa Kongo huliita mbabula, ndilo lililopikia na ndilo lililootewa. Usiku wa baridi mama huvutwa sana kuliingiza chumbani na kufunga mlango, kwa kuwa chumba ni kimoja na watoto ni wanne. Makaa yakiwa mekundu hayatoi moshi, kwa hiyo hudhaniwa ni salama. Kumbe hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na walalao hawaamki. Mazazi wa zamani makwetu walilijua hili kwa njia yao. Walipomwekea mzazi moto chini ya kitanda katika siku arobaini, mtu mzima alikesha akiuangalia, na kuta za fito na udongo zilikuwa na matundu. Hapo ndipo tunapofika kwenye upungufu mkubwa wa malezi ya Dzaleka ya miaka ile ya kwanza. Upungufu huo haukuwa wa blanketi. Bibi walikuwa hawapo.

Vita huchuja watu. Mbio za kilomita elfu na zaidi hukimbiwa na vijana, na wazee hubaki nyuma, kwa kutoweza au kwa kukataa kuacha makaburi yao. Kwa hiyo kambi ya miaka ya 1990 ilikuwa na mama wengi wa miaka ishirini wasiokuwa na mama zao. Nani angemwonyesha binti jinsi ya kumkanda mtoto kwa maji ya moto, jinsi ya kumwogesha saa saba mchana jua likiwa kali badala ya jioni kama walivyozoea Uvira, wakati gani kikohozi ni cha kawaida na wakati gani mbavu za mtoto zikibonyea ni za kumkimbiza kituo cha afya? Walifundishana wao kwa wao, Mrundi kwa Mkongo, Mnyarwanda kwa Mchewa, na lugha waliyoishika katikati ilikuwa Kiswahili. Wengi wao hawakukijua vema walipofika. Mama wa Kirundi wa vijijini aliweza kujifunza Kiswahili kwa mara ya kwanza katika foleni ya kituo cha afya, akiwa na mtoto mgonjwa mkononi. Tunaomba wenzetu wanaotunga vitabu vya kufundishia wageni, vinavyoanza na habari za hoteli na uwanja wa ndege, walifikirie hilo.

Chakula nacho kilibadilika. Aliyezoea bugali wa muhogo alipewa mahindi meupe akapika nsima. Aliyezoea ndagala wa Tanganyika akala usipa wa Ziwa Malawi, ambao si mbaya. Sombe aliikuta tena kwa jina la chigwada. Mtoto mchanga aliachishwa ziwa kwa uji wa unga wa mahindi na soya uitwao likuni phala, ambao jina lake latokana na misheni ya Likuni, karibu na Lilongwe. Mgao wa chakula kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na baadaye ukageuzwa kuwa fedha. Nguo za baridi zilitoka kwenye mitumba, ambayo Wamalawi huiita kaunjika. Hapo huonekana jambo la ajabu kidogo, mtoto wa miaka mitatu aliyevaa koti nene lenye kofia ya manyoya, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya au Kanada, akicheza katika vumbi jekundu la Dowa. Saa nne asubuhi analivua, saa kumi na mbili jioni analivaa tena.

Majina ya watoto yana historia yake. Wakongo wa mashariki wana desturi nzuri ya kuwapa watoto majina ya Kiswahili ambayo sisi wa Pwani, tuliozama katika majina ya Kiarabu, hatuyatumii sana: Neema, Baraka, Amani, Furaha, Riziki, Shukuru. Wamalawi nao wana desturi iyo hiyo kwa lugha yao: Chisomo ni Neema, Madalitso ni Baraka, Mtendere ni Amani, Mphatso ni Zawadi. Si ajabu katika nyumba moja kumkuta mkubwa, aliyezaliwa njiani, akiitwa Amani, na mdogo aliyezaliwa Dowa akiitwa Mtendere.

Sasa tupande Capital Hill. Serikali ya Malawi ilihamia Lilongwe kutoka Zomba mwaka 1975, na wizara zikajengwa juu ya kilima hicho, ambacho nacho huwa baridi asubuhi za Julai. Makaratasi yaliyoandikwa huko yameathiri malezi ya Dzaleka kuliko upepo wa kusi. Mwaka 1987 Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini iliweka mipaka katika vifungu tisa. Miongoni mwavyo ni kifungu cha 17 kinachohusu kazi ya mshahara, cha 22 kinachohusu elimu, cha 26 kinachohusu uhuru wa kwenda mtu atakako, na cha 34 kinachohusu uraia. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Maana yake kwa familia ni hii: baba hakuruhusiwa kutafuta kazi kama wengine, mama alipaswa kukaa kambini, na mtoto aliyezaliwa Malawi hakupata uraia kwa kuzaliwa peke yake. Tuwe waadilifu. Nchi hiyo ni miongoni mwa maskini kuliko zote duniani, ilikwisha kubeba Wamsumbiji zaidi ya milioni, na shule zake za msingi, zilizofanywa kuwa bure mwaka 1994, zilifurika watoto wake yenyewe. Nchi tajiri zenye nafasi kubwa zimefanya kidogo kuliko hivyo. Lakini sheria iliyotungwa kwa wageni watakaorudi kwao baada ya miaka michache ni sheria nyingine inapofika kwa mtu aliyezaliwa kambini mwaka 1995 na ambaye sasa ana watoto wake.

Kwa miaka mingi sheria hiyo haikukazwa sana. Familia nyingi zilitoka Dzaleka zikafungua maduka Lilongwe na miji mingine, zikapanga nyumba za matofali ya kuchoma, watoto wakaingia shule za mjini. Machi 2023 serikali ikaamuru wote warudi kambini, na mwezi wa Mei polisi na askari wakaanza kuitekeleza amri hiyo, maduka yakifungwa. Shirika la Human Rights Watch liliripoti Juni 2023 kwamba hata watoto walikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini kabla ya kupelekwa Dzaleka. Msomaji aone mwezi wenyewe. Mei ndio mlango wa chisanu. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 na ushei ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000, na mtoto aliyelala mwaka uliotangulia katika chumba chenye madirisha ya kioo akajikuta usiku wa Juni katika hema. Twafahamu kuwa kila dola ina haki ya kutunga sheria za wageni, na wenye maduka wa Kimalawi walikuwa na malalamiko yao. Walakini kuchagua msimu ni jambo lisilogharimu chochote.

Turudi kwenye lugha, tukikumbuka Nkhotakota. Shuleni mtoto wa Dzaleka hukutana na Kiingereza, maana Sheria ya Elimu ya 2013 ilikifanya kuwa lugha ya kufundishia. Uwanjani hukutana na Kichewa. Nyumbani huwa na Kiswahili, na mara nyingi Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au Kinyarwanda juu yake. Akitoka mlangoni anasema kukuzizira. Akiingia ndani anasema kuna baridi. Hapo wako walimu wenzetu wanaotikisa kichwa na kusema kuwa Kiswahili cha huko ni Kingwana, hakina ngeli, chafaa kusafishwa. Hatukubaliani nao. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, na Kiswahili kinachomtuliza mtoto usiku wa baridi kina ngeli za kutosha kwa kazi hiyo. Sarufi yafaa ifundishwe, naam, lakini mwalimu anayeanza kwa kumcheka mtoto lugha ya mama yake atamfanya anyamaze, na mtoto aliyenyamaza Kiswahili ana Kichewa na Kiingereza vinamngoja. Watoto wa Nkhotakota hawakukatazwa Kiswahili na mtu. Hawakuwa na pa kukitumia.

Huko Dzaleka pa kukitumia papo. Mwaka 2014 mshairi Mkongo anayejulikana kwa jina la Menes La Plume alianzisha tamasha la muziki, ngoma na maigizo ndani ya kambi, akaliita Tumaini, na Wamalawi kwa maelfu wamekuwa wakilihudhuria. Jina hilo halikutafsiriwa kwa Kiingereza wala Kichewa, na wenyeji wanalitamka bila shida. Kuna redio ya jamii iitwayo Yetu, nayo jina lake halihitaji maelezo kwa wasomaji wetu. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Na Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni Julai 7, siku moja baada ya sikukuu ya uhuru wa Malawi, katikati kabisa ya chisanu.

Wengine waliondoka kwenda mbali zaidi. Familia zilichaguliwa kuhamia Kanada, Marekani na Australia, na vijana kadhaa walikwenda vyuo vikuu vya Kanada kwa udhamini wa shirika la WUSC. Hao walikuta baridi ambayo mbele yake Dowa ni kama Tanga, na huko mtoto hushinda ndani miezi mingi, lugha ya nje ikiingia kwa televisheni. Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi kutoka dunia nzima, na watu waliokuwa wamekwisha kuhojiwa na kupimwa wakabaki walipokuwa.

Kwa hiyo wengi wamo Dzaleka bado, na jambo moja limebadilika ambalo hakuna aliyelipanga Capital Hill wala Geneva. Wale mama wa miaka ishirini waliofika katika miaka ya 1990 wamepita sasa umri wa miaka arobaini, na wengi ni bibi. Binti akijifungua mwezi wa Juni, yuko mtu wa kumkanda mtoto, wa kuitoa mbaula nje kabla ya kulala, na wa kumfunga mjukuu mgongoni kwa mbeleko mama yake akienda kisimani. Bibi humsemesha mjukuu kwa Kiswahili cha Uvira au cha Baraka. Mjukuu akifika miaka minne humwelewa kila neno, na mara nyingi humjibu kwa Kichewa.